Simbilisi mgeni ameanza kupiga chafya: cha kufanya kabla hujakimbilia dawa

Simbilisi wangu wawili wa kwanza walisafiri kutoka Iringa hadi Dar es Salaam ndani ya boksi la mafuta ya kupikia lililotobolewa kwa kalamu, miguuni pangu kwenye basi. Iringa tuliondoka alfajiri ya Julai, stendi nzima watu wamejifunga vitenge na masweta. Dar tulishuka jioni, shati limeshaganda mgongoni. Siku ya sita mwanangu akaniambia, "Mama, Kahawia ana mafua." Siku ya kumi tulimzika Kahawia nyuma ya tangi la maji.

Mafua hayakumuua. Nilimuua mimi, kwa dawa ya maji ya mtoto iliyokuwa imebaki kwenye friji. Kwa hiyo mwongozo huu nimeupanga kinyume na nilivyofanya siku zile: dawa inakuja katikati, si mwanzo, na inatoka kwa daktari wa mifugo.

Ninaposema simbilisi nina maana ya yule mnyama mdogo asiye na mkia, mwenye masikio kama majani, ambaye Nyanda za Juu Kusini wengi humfuga jikoni kwa kitoweo. Kuna wanaomwita pimbi, ingawa pimbi mwenyewe ni mnyama wa majabalini. Kivu wanamwita kobaye, kwa Kifaransa. Hapa nazungumza na aliyemleta nyumbani awe kipenzi cha watoto, ila aliye na banda la simbilisi 40 ataona mengi yanamhusu na yeye.

Kwa nini ni mgeni anayeugua

Asili ya simbilisi ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Anapenda ubaridi wa wastani, nyuzi 18 hadi 24 hivi, na anachukia mabadiliko. Ukimtoa kwao, ukamtikisa safari nzima, ukambadilishia chakula, maji, harufu na wenzake kwa siku moja, kinga yake inashuka. Na vijidudu vinavyomletea nimonia mara nyingi huwa anavyo tayari puani, vimetulia. Maarufu kuliko vyote ni bakteria aitwaye Bordetella bronchiseptica. Mwingine ni Streptococcus pneumoniae. Bordetella huchukua kama siku 5 hadi 7 tangu kuingia hadi kuonesha dalili, ndiyo maana muuzaji anaweza kukuuzia mnyama anayerukaruka bila kukudanganya hata neno moja, na wiki inayofuata mnyama yuleyule amejikunyata pembeni.

Jambo ambalo sikulijua: sungura na mbwa hubeba Bordetella bila wao wenyewe kuugua sana. Banda nililonunulia lilikuwa na sungura juu na simbilisi chini. Nililiona nikadhani ni ubunifu wa kuokoa nafasi.

Hatua ya 1: Mtenge leo, si kesho

Kama una simbilisi wengine, mgeni akae chumba kingine kwa wiki mbili, wiki tatu ikiwezekana, hata kama hapigi chafya. Chumba kingine, si tundu lingine pembeni ya lile la zamani: chafya inarusha matone hewani. Asubuhi wahudumie wenyeji kwanza, mgeni mwisho, kisha nawa kwa sabuni. Bakuli, chupa ya maji, fagio la kutolea uchafu, vyote viwe vya kwake. Kama una nguo ya kazi, ivue ukitoka kwa mgeni.

Ukiwa umenunua wawili wakaja pamoja, usiwatenganishe kwa sababu mmoja kaanza kuumwa. Wameshavuta hewa moja siku nzima kwenye boksi, na simbilisi aliyeachwa peke yake katika nyumba ngeni hupoteza hamu ya kula. Watenganishe tu kama mzima anamsumbua mgonjwa au anamnyang'anya chakula.

Na wewe ukiwa na mafua, vaa barakoa unapomshika au mwachie mtu mwingine kazi hiyo. Streptococcus pneumoniae ni bakteria wa binadamu pia.

Hatua ya 2: Mtazame kabla hujamshika

Simbilisi ni mnyama wa kuliwa na kila kitu, na anajua. Akikuona anajikaza. Kwa hiyo keti mbali kidogo, dakika kumi, bila kelele, umwangalie akiwa amesahau kwamba upo.

Chafya moja moja si ugonjwa. Nyasi zina vumbi, na akijisafisha uso maji huingia puani. Pia utaona mara nyingine macho yakitoa maji meupe kama maziwa, naye akayachukua kwa mikono akajipaka usoni: hayo ni ya kawaida, ndiyo sabuni yake. Nilipoyaona mara ya kwanza nilitaka kupiga simu.

Kinachotakiwa kukushtua ni hivi. Chafya zinazokuja mfululizo, siku ya pili sasa. Pua yenye unyevunyevu au makamasi yaliyokauka kuzunguka matundu. Geuza viganja vya mbele uangalie upande wa ndani: mnyama huyu hufuta pua kwa mikono, na manyoya ya hapo yakiwa yameshikana na kukakamaa, ana makamasi hata kama pua inaonekana safi. Macho yenye tongotongo au yamefunga nusu. Manyoya yamesimama kama amepigwa na baridi. Hakimbilii majani unapotikisa mfuko, jambo ambalo simbilisi mzima halipuuzi kamwe.

Halafu hesabu pumzi. Angalia ubavu, hesabu kupanda kwake kwa sekunde 15, zidisha mara nne. Aliyetulia huwa kati ya 40 na 100 kwa dakika. Lakini namba si kila kitu, angalia anavyohema. Simbilisi mzima akipumua unaona mtikisiko mdogo tu. Mgonjwa wa mapafu anavuta pumzi na tumbo lote, mbavu zinaingia ndani, kichwa kinapanda na kushuka kila pumzi. Mnyanyue taratibu, weka sikio lako kwenye ubavu wake nyuma ya mkono, kisha fanya hivyohivyo kwa mwenzake mzima ulinganishe. Kwa mzima unasikia moyo unaokwenda mbio na upepo laini. Kwa Kahawia nilisikia kitu kama mtu anakanyaga majani makavu chumba cha pili.

Rekodi video ya simu akiwa anahema kwa utulivu. Akifika kwa daktari atakuwa na hofu na pumzi zitakwenda kasi kwa hofu hiyo. Video ndiyo itakayosema ukweli.

Yafuatayo hayasubiri asubuhi: anapumua kwa mdomo wazi, midomo au fizi zimegeuka rangi ya buluu au kijivu, amelala ubavu, au hajala kitu kwa saa 12. Simbilisi hupumua kwa pua tu. Akifikia kufungua mdomo ili apate hewa, ameshamaliza njia nyingine zote.

Hatua ya 3: Hakikisha si kitu kingine

Hapa pwani kinachochanganya watu zaidi ni joto. Nyuzi zikivuka 28 au 30 na chumba hakina upepo, simbilisi hulala ubavu, huhema kwa kasi, hutoa mate kidevuni. Huyo hana nimonia, anaiva. Mtoe kwenye joto, loweka kitambaa kwa maji ya kawaida ya bomba, umfute masikio na nyayo, mpe maji ya kunywa kwa matone. Usimtumbukize kwenye maji ya friji wala usimwekee barafu mwilini. Akipoa, bado mpeleke akaangaliwe.

Tumbo lililojaa gesi nalo humfanya aheme juujuu, kwa sababu linasukuma mapafu. Gonga kwa kidole kidogo ubavuni: likilia kama ngoma, ni dharura ya tumbo, na usimlishe kwa nguvu hata kidogo kabla ya daktari.

Jike uliyemnunua sokoni akawa anaongezeka uzito huku tumbo likipanuka pande zote mbili, huenda ana mimba. Wauzaji wengi hawatenganishi madume na majike, na mimba huchukua siku 59 hadi 72. Mwambie daktari, maana kuna dawa ambazo atazikwepa.

Na upungufu wa vitamini C. Simbilisi, kama sisi, hatengenezi vitamini hii mwilini. Aliyelelewa kwa pumba na chakula cha sungura huja kwako tayari ana upungufu: anachechemea, analia ukimshika viungo, fizi zinavuja, na kila kijidudu kinampata. Mara nyingi haya mawili huja pamoja.

Hatua ya 4: Mpime uzito

Nunua mizani ya jikoni. Ndiyo kifaa pekee nitakachokuambia utumie fedha kabla ya daktari. Mweke kwenye bakuli, soma, andika, kila asubuhi saa ileile kabla ya kula. Makamasi yanaweza kupungua huku mnyama anazidi kudhoofu; mizani haidanganyiki hivyo.

Akipoteza gramu chache siku ya kwanza baada ya safari, ni kawaida. Akishuka sehemu moja ya kumi, yaani wa gramu 600 akafika 540, usingoje dalili nyingine. Daftari langu la Kahawia, ambalo nililianza nikiwa nimechelewa, linasema 580, 566, 531, 498. Nikilitazama sasa naona jibu lilikuwa kwenye mstari wa tatu.

Hatua ya 5: Safisha hewa anayovuta

Hili unaweza kulifanya ndani ya saa moja, na kwa mgonjwa wa chafya nyepesi mara nyingine linatosha.

Piga magoti, weka pua yako pale pua yake inapokuwa. Si juu ya tundu: chini, kwenye matandiko. Ukisikia mkojo unakuchoma pua, yeye anaishi ndani ya moshi huo usiku na mchana. Amonia inaunguza vinyweleo vidogo vya njia ya hewa ambavyo kazi yake ni kusukuma uchafu nje, na vikishaungua, vijidudu vinashuka mapafuni bila kizuizi. Toa matandiko yenye unyevu kila siku na badilisha yote kila siku mbili au tatu wakati wa ugonjwa.

Vumbi la mbao litupe. Wengi tunachukua bure kwa fundi seremala, nami nilifanya hivyo, lakini ni unga unaoingia moja kwa moja puani. Maranda makubwa ni afadhali, ila yasiwe ya mbao mbichi zenye harufu kali ya msonobari au mwerezi. Harufu ile nzuri ni mafuta yanayowasha njia ya hewa. Kwa mgonjwa mimi hutandika magazeti, juu yake kipande cha blanketi laini la zamani au taulo, nabadilisha asubuhi na jioni. Nyasi kavu zikung'ute kabla ya kumpa: zitikise nje, na zenye doa jeupe au harufu ya ukungu usimpe kabisa.

Sasa angalia nyumba yako. Jiko la mkaa liko wapi? Dawa ya mbu ya kuchoma? Ile ya kupuliza? Udi na ubani jioni ya Alhamisi? Manukato ya kwenye soketi? Vyote hivyo, kwa mnyama wa nusu kilo aliye sakafuni, ni vingi mno. Sikuambii uache kufukiza nyumba yako, hamisha tundu. Feni isimpige moja kwa moja, na dirisha liwe wazi bila upepo kupita juu yake. Kwa walio Iringa, Njombe, Mbeya au Arusha mwezi wa sita na wa saba tatizo ni baridi ya usiku: chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye soksi nene, iwekwe kona moja tu ili aweze kuisogelea au kuikimbia.

Halafu kuna ushauri utakaoupata kwa kila jirani: mpige nyungu. Tafadhali usimfukize kwa majani ya mkaratusi, wala usimpake dawa ya kifua yenye mentholi, wala usimpe kitunguu saumu. Mafuta yale makali yanamziba badala ya kumfungua, na vitunguu vya aina zote ni sumu kwake. Kama pua imeziba kwa makamasi makavu, lowesha pamba kwa maji ya uvuguvugu, ishikilie puani hadi yalainike, ufute. Fanya hivyo kabla ya kila mlo.

Hatua ya 6: Daktari, na dawa ambazo hutakiwi kuzigusa

Nilipoona makamasi nilikwenda duka la dawa la mtaani nikaeleza. Kijana wa pale, kwa upole kabisa, akaniuliza kama nyumbani nina amoksilini ya mtoto. Nikasema ipo. "Basi dada, dawa ni dawa. Punguza tu dozi." Nikapunguza. Siku mbili Kahawia alionekana anapata nafuu kidogo, nikafurahi. Siku ya tatu kinyesi kikawa uji, nyuma kote kumelowa. Siku ya nne hakuamka.

Maelezo niliyapata baadaye kwa daktari wa mifugo, aliyenisikiliza mpaka mwisho bila kunikemea, jambo lililoniumiza zaidi. Utumbo wa simbilisi ni kama pipa la kuchachua majani. Bakteria waliomo ndani ndio wanaomlisha. Amoksilini, ampisilini na penisilini nyinginezo huwaua hao walio wema, na nafasi yao inachukuliwa na Clostridium difficile, ambaye humwaga sumu. Mnyama anaharisha, anapoa mwili, anakufa ndani ya siku chache. Si suala la dozi. Hata kidogo kinatosha.

Kwa hiyo andika kwenye karatasi ubandike ukutani. Simbilisi hapewi amoksilini, ampisilini, penisilini ya kunywa wala ya sindano, klindamaisini, linkomaisini, wala erithromaisini. Ile sindano ya penisilini iliyochanganywa na streptomaisini, ambayo iko kwenye kila duka la pembejeo na ndiyo mkono wa kwanza wa bwana mifugo kwa ng'ombe na mbuzi, nayo isimkaribie. Streptomaisini peke yake ni sumu kwake. OTC, yaani oksitetrasaiklini, pia iache. Usishangae ukikuta mtaalamu mzuri wa ng'ombe halijui hili. Hata anayetibu sungura anaweza kukosea, kwa sababu sungura huchomwa penisilini na akapona.

Piga simu kabla ya kwenda. Uliza hivi: "Shikamoo daktari, umewahi kutibu simbilisi? Ni antibayotiki zipi hutumii kwao?" Akitaja penisilini kwenye jibu la pili, nenda. Akisema zote sawa, shukuru, utafute mwingine. Ukikosa mjini kwako, ulizia kwenye vyuo vinavyofundisha udaktari wa mifugo: Sokoine Morogoro, Chuo Kikuu cha Nairobi kule Kabete, Makerere Kampala. Hata wasipomwona mnyama, wanaweza kumwelekeza daktari wako kwa simu.

Dawa ambazo daktari kwa kawaida huzichagua ni enrofloksasini, au mchanganyiko wa trimethoprimu na sulfa, ule ambao mtaani tunauita Septrini. Sijaziandika ili ukanunue. Chukua mfano wa enrofloksasini ya kuku, ya asilimia 10: kila mililita ina miligramu 100. Simbilisi wa gramu 600 anahitaji miligramu chache tu kwa mara moja, yaani chini ya sehemu moja ya kumi ya mililita, na ikiwa kali namna hiyo humuunguza mdomo. Kizibo cha chupa, ambacho ndicho kipimo chetu cha kuku, kingekuwa dozi ya siku nyingi kwa mpigo. Daktari ataizimua na kukupa bomba la sindano la mililita 1, akuoneshe mstari.

Matibabu huchukua siku 10 hadi 14, mara nyingine wiki tatu. Siku ya nne ataonekana mzima. Endelea. Ukikatisha, ugonjwa hurudi na dawa ileile inaweza isiusikie tena. Lakini ukiona kinyesi kimekuwa laini au ameacha kula baada ya kuanza dawa yoyote, hata iliyo salama, mpigie daktari siku hiyohiyo badala ya kumaliza chupa kwa uaminifu.

Hatua ya 7: Mlishe

Simbilisi mwenye makamasi hasikii harufu, na asiyesikia harufu hali. Asipokula siku moja utumbo unasimama, na hapo unakuwa na magonjwa mawili. Usiku wa manane utakaoamka kumlisha una thamani sawa na dawa.

Mwekee kwanza vyenye harufu na vinavyotafunika kirahisi: majani mabichi ya matete au ya ukoka, giligilani. Nyasi zisikosekane. Akikataa, saga pellets zake, yaani chakula chake kikavu cha punje, kwenye mashine ya kusagia viungo mpaka ziwe unga, loweka kwa maji ya uvuguvugu zifikie uzito wa uji wa mtoto. Wa gramu 600 anahitaji kama mililita 40 za uji huo kwa siku, zigawanywe mara tano au sita.

Namna ya kumshika ndiyo kazi. Mfunge kwenye kanga kama mtoto mchanga, kichwa nje, miguu yote minne ndani, akae kifudifudi mapajani pako akikutazama upande. Usimlaze chali kamwe. Uji utaingia mapafuni na utamuua mnyama ambaye nimonia ilikuwa bado haijamshinda. Ncha ya bomba iingie pembeni, nyuma ya meno ya mbele ambako kuna nafasi tupu. Sukuma nusu mililita. Subiri. Utaona shavu linazunguka, na usikie kajisauti ka meno. Amemeza? Nusu nyingine. Akianza kukohoa au uji ukitokea puani, acha, mwinamishe kidogo mbele, mpumzishe. Mlo mmoja unachukua dakika 20 na kanga haitoki salama.

Vitamini C: mzima anahitaji miligramu 10 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, mgonjwa apewe hadi 50. Robo ya pilipili hoho ya kijani, kama gramu 30, ina miligramu 24 hivi, na nyekundu ina zaidi. Pera ni bingwa kuliko zote lakini lina sukari, kwa hiyo kipande cha ukubwa wa kidole gumba kinatosha. Kwa asiyekula, chukua kidonge cha vitamini C pekee cha miligramu 100, kisage, robo yake (kwa wa gramu 600) ikoroge kwenye maji kidogo umpe kwa bomba. Kisiwe multivitamini, na usikitie kwenye chupa ya maji ya kunywa: nguvu yake hupotea ndani ya saa chache, na ladha ikibadilika anaweza kuacha kunywa kabisa. Sukuma wiki na mchicha mpe kidogo, si kila siku. Mawe ya kibofu ni ugonjwa mwingine wa simbilisi.

Dawa na uji visipewe kwa pamoja. Toa dawa, subiri apumzike, kisha mlishe, ili asihusishe bomba la chakula na uchungu.

Hatua ya 8: Akipona, au asipopona

Ishara ya kwanza ya kupona kwa Doa, yule wa pili, ambaye naye aliugua wiki hiyohiyo na akatibiwa inavyotakiwa, haikuwa pua kukauka. Alipiga kelele saa kumi na moja asubuhi aliposikia nafungua friji. Mizani ilimfuata siku mbili baadaye: 512, 515, 523.

Baada ya dawa kuisha, mhesabie wiki mbili nyingine bila chafya wala makamasi kabla ya kumkutanisha na wenyeji. Osha tundu lake kwa sabuni, kisha kwa dawa ya kung'arishia nguo, sehemu moja kwa tisa za maji. Liache dakika kumi, suuza mpaka harufu iishe, lianike juani. Mbao zilizonyonya mkojo hazisafishiki, zichome. Jua kwamba aliyepona anaweza kuendelea kubeba Bordetella puani, kwa hiyo ukiwa na jike lenye mimba au watoto wachanga, mkutanishe naye wao wakishakua.

Akifa, usimtupe haraka. Mfunge kwenye mfuko, mweke mahali pa baridi, si kwenye friza, umpeleke kwa daktari siku hiyo. Akimpasua ataona kama ni mapafu, utumbo au mimba, na waliobaki watatibiwa kwa uhakika badala ya kubahatisha.

Siku ya kuwakutanisha, tumia mahali ambapo hakuna mmoja wao anapaita kwake. Sisi tulitumia sakafu ya bafu, rundo kubwa la matete katikati. Watanguruma, watazungukana wakitikisa makalio, mmoja atampanda mwenzake, waache. Meno yakianza kugongana, tupia taulo katikati yao, usiingize mkono. Doa na mwenzake mpya walibishana dakika 40 hivi, kisha wote wawili wakaingia ndani ya matete, ikabaki sauti ya kutafuna tu.